Chungu Anayechoma kwa Mkia



Mtu akirudi kutoka shambani huku akijikuna mguu, husema, "Nimeumwa na chungu." Sote tunamwelewa. Lakini neno hilo "kuumwa" linaficha mambo mawili. Wako chungu wanaouma kwa meno, na wako chungu wanaochoma kwa mkia. Wa kwanza wanabana ngozi tu. Wa pili wanatia sumu ndani ya mwili. Kwa watu wengi sumu hiyo huleta maumivu ya saa chache, kisha yakaisha. Kwa watu wachache sana sumu hiyo hiyo huweza kuua, tena upesi, pengine kabla mgonjwa hajafika zahanati.

Kwa hiyo yafaa tumjue chungu anayechoma. Tujue anafananaje, anaishi wapi, na tufanye nini akishatuchoma.

Kwanza tuwatoe wasiohusika

Mchwa si chungu. Watu wengi huwaweka pamoja kwa sababu wote huishi wengi wengi na wote hutembea ardhini. Lakini mchwa ni jamaa wa mende. Mtazame vizuri. Mwili wake ni laini, na mara nyingi ni wa rangi ya maziwa. Hana kiuno. Kifua chake na tumbo lake vimeungana moja kwa moja. Vipapasio vyake, yaani vile vinyuzi viwili vya kichwani, vimenyooka kama uzi wenye shanga.

Chungu ana kiuno chembamba sana. Vipapasio vyake vimekunjwa katikati kama kiwiko cha mkono. Chungu ni jamaa wa nyuki na nyigu. Ukilijua hilo hutashangaa kwamba wako chungu wenye mwiba.

Mwiba huo una historia yake. Zamani sana, mababu wa nyuki, nyigu na chungu walikuwa na mrija mkiani wa kutagia mayai. Mrija huo ulibadilika polepole ukawa silaha. Ndiyo sababu dume hana mwiba. Chungu wote unaowaona wakifanya kazi ardhini ni majike, nao ndio wanaochoma. Pengine umewahi kuona mdudu mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye mabawa na tumbo nene kama kidole, akizunguka taa usiku na kujigonga ukutani. Watoto humkimbia wakidhani atawachoma. Huyo ni dume la siafu. Hana mwiba wowote.

Yuko mwingine wa kutoa hesabuni, lakini huyu umwogope. Hutembea peke yake juu ya mchanga, mbio mbio, hana mabawa, na ana manyoya kama mahameli. Mara nyingi kifua chake ni chekundu, na tumbo lake ni jeusi lenye madoa meupe. Wengi humwita chungu, lakini ni nyigu jike asiye na mabawa. Kuchoma kwake kunauma kuliko kwa chungu wengi. Ni mzuri wa kutazama, na watoto hupenda kumwokota. Wakatazwe.

Tazama kiuno, si rangi

Majina ya chungu hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Anayeitwa sungusungu huku, kwingine ataitwa kwa jina jingine. Rangi nayo hudanganya, maana chungu weusi ni wengi mno. Kwa hiyo njia ya kuaminika ni kutazama umbo.

Chukua kiberiti kitupu au chupa safi. Muue chungu mmoja, umwingize ndani kwa kutumia kijiti. Usimshike kwa vidole hata ukiona ametulia. Mpeleke juani umtazame. Kama mwalimu wa shule ana kioo cha kukuzia, mwombe. Lakini chungu wakubwa unaweza kuwaona vizuri kwa macho matupu.

Mwili wa chungu una kichwa, kifua, kiuno na tumbo. Sasa tazama kile kiuno. Utaona fundo, kama fundo la kamba. Chungu wengine wana fundo moja, na wengine wana mafundo mawili. Hesabu mafundo hayo, kisha tazama tumbo lenyewe.

Chungu wakubwa wanaochoma katika nchi zetu, wale ambao wataalamu huwaweka katika ukoo wa Ponerinae, wana fundo moja nene. Tumbo lao ni refu kidogo. Baada ya pingili ya kwanza ya tumbo mara nyingi kuna mahali pamebanwa, kama gunia lililofungwa kamba karibu na mdomo. Na mwishoni kabisa, kama amekasirika au amebanwa, utaona mwiba ukitoka na kuingia, mwembamba kama sindano.

Maji moto naye ana fundo moja, lakini lake ni dogo na jembamba. Yeye hana mwiba. Mwisho wa tumbo lake pana tundu dogo linalorusha tindikali. Huyu ni yule chungu wa rangi ya kahawia iliyo nyekundu, anayeshona majani ya mwembe au mkarafuu kuwa nyumba. Hung'ata kwa meno, halafu hukunja tumbo na kutia tindikali palepale kwenye kidonda. Ndipo mtu husikia kama amemwagiwa maji ya moto. Inauma, lakini si sumu ya mwiba. Tena usimchukie bure. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Michael Way alichunguza minazi ya Unguja, akaona kwamba minazi yenye maji moto hupona mdudu anayefyonza nazi changa na kuziangusha.

Siafu tunamjua sote. Anauma kwa meno, wala huhitaji kuhesabu mafundo yake. Tazama kichwa. Siafu wanaofanya kazi hawana macho kabisa, na wale askari wana kichwa kikubwa chenye taya kama koleo. Taya zikishashika haziachii, hata kichwa kikikatika.

Chungu wenye mafundo mawili ni wengi sana, na wengi wao ni wadogo. Sisimizi wengi wa jikoni wamo humo. Wengine wana mwiba, lakini ni mdogo mno hata hauwezi kupenya ngozi ya mtu mzima. Humo pia yumo yule anayeishi katika miiba ya mgunga, ambaye akikasirika huinua tumbo lake juu ya mgongo. Mng'ombe akigusa tawi, wote hutoka kwa pamoja.

Sungusungu

Sasa tumfikie mwenyewe. Katika sehemu nyingi za Tanzania jina la sungusungu hupewa chungu mkubwa mweusi anayetembea kwa mstari kama askari. Wataalamu humwita Megaponera analis. Wakubwa hukaribia urefu wa sentimita 2, na wadogo hawafiki hata sentimita 1, lakini wote hutembea pamoja. Msafara mmoja huwa na mamia ya chungu.

Wanatoka kwenda kuwinda mchwa. Hawali kitu kingine. Mpelelezi hutoka peke yake kutafuta mahali mchwa wanapokula, chini ya majani makavu au gogo. Akiwapata, hurudi nyumbani kuita jeshi. Mara nyingi utawaona asubuhi jua halijawa kali, na tena jioni. Wakati wa kurudi kila mkubwa hubeba mchwa kadhaa mdomoni. Ukiugonga msafara kwa fimbo utasikia sauti nyembamba, kama mafuta yanayochemka mbali. Hiyo ni alama nzuri ya kuwatambua, maana chungu wachache tu hutoa sauti ambayo sikio la mtu linaweza kuisikia. Ukisikia sauti hiyo karibu na mguu wako, sogea.

Katika miaka ya 1980 wakulima na wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda vikundi vya kuwakamata wezi wa ng'ombe, wakaviita Sungusungu. Pengine aliyechagua jina hilo alikuwa amewahi kuuona msafara huu.

Wako wanaomwaga mafuta ya taa na kuwachoma sungusungu wakiwaona tu. Sioni faida yake. Mchwa ndio wanaokula mahindi yako na nguzo za nyumba yako, na sungusungu ndio wanaokula mchwa. Kama njia yao haipiti mlangoni, waache wapite. Kwa kawaida hawamfuati mtu. Huchoma wakikanyagwa, wakikaliwa au wakichezewa.

Hapa niseme neno moja ambalo halihusu kuchomwa, lakini ni la afya. Katika vita na mchwa, sungusungu wengi huumia, hata kukatwa miguu. Mtaalamu Erik Frank na wenzake waliwachunguza huko Côte d'Ivoire. Mwaka 2017 walitangaza kwamba chungu hawa huwabeba majeruhi wao na kuwarudisha nyumbani. Mwaka 2018 wakaeleza kwamba wenzao huwalamba vidonda. Majeruhi walionyimwa huduma hiyo walikufa karibu 80 katika kila 100 kwa muda wa siku moja. Waliohudumiwa walikufa karibu 10 tu katika kila 100. Mwaka 2023 wakaonyesha kwamba chungu hupaka kidonda chenye vijidudu dawa inayotoka katika miili yao wenyewe. Basi, kusafisha kidonda mapema si jambo la hospitali peke yake!

Jamaa za sungusungu

Yuko mwingine mkubwa na mweusi, anayeitwa Paltothyreus tarsatus. Mara nyingi utamkuta akitembea peke yake njiani au chini ya miti, akitafuta wadudu waliokufa. Mwili wake haung'ai sana. Ukimsumbua hutoa harufu mbaya ya kuoza ambayo hukaa mkononi hata baada ya kunawa. Huyu naye ana mwiba. Kwa hiyo mkumbuke hivi: mwenye msafara na sauti ni Megaponera, mpweke mwenye harufu ni Paltothyreus.

Katika misitu na mahali penye unyevu yuko mwenye taya ndefu, nyembamba, ambazo hufunguka kabisa kulia na kushoto kama mtu aliyenyoosha mikono. Akiguswa hufunga taya kwa ghafla, nazo hulia "ta!" Baada ya hapo huchoma kwa mkia.

Wa mwisho ni mdogo kuliko hao wote, nami ndiye ninayemwogopa zaidi kwa sababu hatishi. Ana urefu wa milimita 6 au 7 hivi, mweusi au kahawia nzito, na anapatikana katika nyika nyingi za Afrika. Mwaka 1862 mtaalamu Gustav Mayr alimpa jina kutokana na Sennar, mji wa Sudan. Leo huitwa Brachyponera sennaarensis. Hupenda kukaa karibu na watu: penye ufa wa sakafu, karibu na bomba linalovuja, chini ya mawe ya uani. Hula mbegu na hula wadudu. Amevuka bahari, na sasa yuko katika nchi za Uarabuni, ambako huitwa samsum. Madaktari wa Saudi Arabia na Falme za Kiarabu wamepokea wagonjwa wengi waliozirai baada ya kuchomwa naye, na wako waliokufa. Kama una ndugu aliyekwenda kufanya kazi huko, mweleze habari hizi.

Usishangae ukikuta majina haya katika kitabu cha zamani yakiwa mengine. Kwa miaka kadhaa chungu hawa watatu, yaani Megaponera, Paltothyreus na Brachyponera, waliwekwa kapu moja lililoitwa Pachycondyla. Mwaka 2014 wataalamu wawili, Chris Schmidt na Steve Shattuck, walitazama upya maumbo yao na koo zao, wakawatenganisha tena. Chungu hawakubadilika.

Ukichomwa

Ondoka mahali hapo kwanza. Chungu hawa si kama nyuki. Nyuki huacha mwiba wake mwilini, akafa. Sungusungu hauachi mwiba. Huuchomoa akachoma tena mara ya pili na ya tatu. Kwa hiyo usisimame kutafuta mwiba kwenye ngozi. Pangusa chungu wote, kung'uta nguo, tazama na ndani ya viatu.

Osha mahali palipochomwa kwa maji safi na sabuni. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 10 au zaidi. Kama ni kidole, vua pete kabla uvimbe haujazidi. Maumivu yakiwa makali, tumia kidonge cha parasetamo kwa kipimo kinachofaa umri wa mgonjwa.

Usichanje kwa wembe. Usifunge kamba. Usipake mafuta ya taa wala maji ya betri, maana vitaunguza ngozi na sumu itabaki palepale. Usipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe, kwa sababu huko ndiko pepopunda hukaa.

Mahali palipochomwa patauma, patakuwa pekundu na kuvimba. Hiyo ni kawaida. Uvimbe unaweza kuzidi kidogo siku ya pili, kisha ukapungua. Lakini ukiendelea kukua baada ya siku tatu, ukawa wa moto, ukatoa usaha au mgonjwa akapata homa, mpeleke zahanati. Vijidudu vimeingia.

Kama ni maji moto na tindikali yake imeingia jichoni, mwagia jicho maji safi mengi kwa muda mrefu, kama robo saa, kisha nenda ukapimwe.

Hatari yenyewe

Mwili wako una askari wanaopigana na magonjwa. Kwa watu wachache, askari hao wakikutana na sumu ya chungu hukosea. Huiona kama jeshi kubwa, wakapigana nayo kupita kiasi. Mishipa ya damu hulegea, nguvu ya damu hushuka, njia ya hewa hubanwa. Hali hiyo huitwa mzio mkali. Haitokani na wingi wa sumu. Mwiba mmoja unatosha.

Na jambo hili liwekwe moyoni: mtu anaweza kuchomwa mara ya kwanza asipate shida yoyote, halafu mara nyingine akaanguka. Kwa hiyo usiseme, "Mimi nimezoea."

Mwangalie aliyechomwa kwa nusu saa hivi, usimwache peke yake. Tazama kama anawashwa au kutoka mabaka mahali ambapo hakuchomwa, kama tumboni au mgongoni. Tazama midomo, ulimi na macho kama vinavimba. Msikilize. Je, sauti yake imekauka? Anapumua kwa shida, kifua kikipiga filimbi? Anatapika? Anasema kizunguzungu, au anataka kuzirai? Mtoto mdogo hawezi kusema, lakini utamwona amelegea na kupauka ghafla.

Ukiona dalili za namna hiyo, usingoje kesho wala usingoje baba wa nyumba arudi. Tafuta baiskeli, pikipiki, gari, chochote, na umpeleke mahali penye mhudumu wa afya. Asitembee kwa miguu. Mlaze chali, uinue miguu yake. Kama anashindwa kupumua akilala, mwache akae, lakini asisimame. Kama anatapika, mlaze kwa ubavu. Asipewe chakula wala pombe.

Dawa ya kumwokoa ni sindano ya adrenalini, ambayo hupigwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Vidonge vya kuzuia mwasho peke yake havitoshi. Ni vizuri kamati ya afya ya kijiji iulize mapema kama dawa hii ipo katika zahanati yenu, maana siku ya msiba si siku ya kuuliza. Na mgonjwa akipata nafuu asikimbilie kurudi nyumbani. Dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa, kwa hiyo atabakizwa aangaliwe.

Mtu aliyewahi kupatwa na hali hii mara moja asiende shambani peke yake. Wenzake wa kazi waambiwe. Akilima avae viatu vilivyofunika mguu wote, asiingize mkono ndani ya kichuguu au chini ya gogo, na akung'ute gunia kabla ya kulibeba.

Watoto wachanga wana hatari ya namna mbili. Mama hutandika khanga chini ya mti, akamlaza mtoto, akaendelea kupalilia. Kabla ya kutandika, zungukia mti mzima utazame ardhi. Kama kuna mstari wa chungu weusi au matundu yenye udongo mpya, tafuta mti mwingine. Usiku hatari ni siafu. Hawana mwiba wa kuogopesha, lakini wakimpata mtoto, mgonjwa au kuku aliyefungwa, wanaweza kumwua kwa wingi wao. Siafu wakiingia nyumbani toa watu wote, fungua mbuzi na kuku, halafu ngojeni nje. Watakula mende na panya wadogo, kisha watakwenda zao.

Na yule chungu uliyemtia ndani ya kiberiti usimtupe. Mpeleke pamoja na mgonjwa. Mhudumu wa afya akiona mwenye fundo moja nene na tumbo lililobanwa, atajua kwamba ni mwiba na sumu, si meno, naye ataandika hivyo katika daftari la mgonjwa.